Kwa nini simu huzimika ilhali chaji bado ipo

Mtumiaji wa simu ya mkononi anatazama skrini na kuona chaji imebaki asilimia 30. Anafungua kamera ili apige picha moja tu, na ghafla simu inazimika. Anapoichomeka kwenye chaja, simu inawaka na kuonyesha kwamba chaji bado ilikuwepo.

Wengi huamua kuwa simu imeharibika na kuanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni betri iliyochakaa, ambayo ukinzani wake wa ndani umepanda.

Suala hilo lilizua mjadala duniani Desemba 2017, pale kampuni ya Apple ya Marekani ilipokiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri kuukuu. Kampuni hiyo ilieleza kuwa lengo lilikuwa kuzuia simu zisizimike ghafla.

Wateja walilalamika kwamba hawakuelezwa. Kampuni iliomba radhi na, kwa mwaka 2018, ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja.

Ili kuelewa tatizo lenyewe, betri inaweza kufananishwa na tangi la maji lililo juu ya paa. Tangi linaweza kuwa na maji mengi, lakini bomba lake likiwa limejaa kutu, maji hutoka kwa shida. Anayejaza kikombe hatagundua kitu. Anayefungua mabomba mawili kwa pamoja ataona maji yakichuruzika.

Ukinzani wa ndani ni kutu ya namna hiyo. Asilimia inayoonekana kwenye skrini hueleza kiasi cha umeme kilichobaki, lakini haielezi kama betri ina nguvu ya kukitoa kwa haraka.

Kwa mfano, betri yenye volti 3.7 na ukinzani wa omu 0.1 ikitakiwa kutoa mkondo wa ampea 2, hupoteza volti 0.2 tu. Ukinzani ukipanda hadi omu 0.4, volti 0.8 hupotea, na zinazobaki ni 2.9. Kwa simu nyingi kiwango hicho ni kidogo mno, hivyo hujizima ili kujilinda. Kamera inapozimwa na mkondo kupungua, volti hupanda tena, ndiyo maana chaji huonekana kurejea.

Ukinzani huongezeka kwa sababu ndani ya betri ya lithiamu kuna utando mwembamba unaojengeka juu ya ncha hasi. Mwanzoni utando huo huilinda betri, lakini kadiri miaka inavyopita huzidi kunenepa, hula sehemu ya lithiamu na kuzuia njia ya umeme. Joto kali huharakisha hali hiyo, hasa betri ikiwa imejaa kabisa.

Uchaji nao huathirika. Chaja husukuma mkondo mkubwa hadi betri ifikie kiwango cha juu, ambacho kwa betri nyingi ni takriban volti 4.2, kisha huupunguza mkondo kidogo kidogo. Kwa betri yenye ukinzani mkubwa, kiwango hicho hufikiwa mapema kabla haijajaa. Hivyo hatua ya haraka huwa fupi, na ile ya polepole hurefuka.

Aidha, umeme unaopita kwenye ukinzani hugeuka joto. Mkondo ukiongezwa mara mbili, joto hilo huongezeka mara nne. Joto huchakaza betri, na betri iliyochakaa huzidisha joto.

Mtumiaji anaweza kupunguza kasi ya uchakavu huo kwa kutochaji simu chini ya mto au juani, kutoiacha ndani ya gari lililofungwa mchana, na kutosubiri chaji iishe kabisa kila mara. Betri iliyovimba haifai kutobolewa wala kuendelea kuchajiwa, kwa kuwa inaweza kushika moto.

Kwa anayenunua simu iliyotumika, kuona asilimia 100 kwenye skrini hakutoshi. Ni vyema afungue kamera na kuwasha taa yake huku chaji ikiwa chini ya nusu, aone kama itastahimili.

Kwa wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, ambako simu imekuwa pochi ya kulipia nauli na bidhaa sokoni, simu inayozimika ghafla ni hasara. Lakini kabla ya kuitupa, inafaa kumwuliza fundi bei ya betri mpya, ambayo kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei ya simu.