Kijana wa miaka 22, si bulozi wala wazimu: jina la otizimu linatafutwa namna gani?

«Mudogo wangu eko na miaka 22. Diplome d'État alipata vizuri. Tangu aingie ku universite, anajifungia tu mu nyumba. Hasalimiaka batu, ku kilio haendaka, bafle za kanisa zikianza anaziba masikio. Batu ba avenue banasema ni bulozi. Tumupeleke wapi?»

Maneno kama haya yanatufikia kwa kinywa cha kaka, cha dada, ao cha mama mudogo. Mwenyewe kijana hasikiki. Sisi wa gazeti si waganga, na mutu tusiyemuona hatuwezi kusema ana nini. Lakini kuna jina moja ambalo familia nyingi hazilifikirie hata kidogo, na leo tunataka kulizungumzia: otizimu. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji.

Kwetu, mutu akisikia otizimu anafikiri mutoto mudogo mwenye hasemi. Wapo watoto wa namna hiyo, kweli. Lakini otizimu haiishi siku ya kutimiza miaka 18, na wengi wenye kuwa nayo wanasema vizuri, tena wengine wanasema Kifaransa cha vitabu kuliko mwalimu wao. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mutu 1 kati ya 127 alikuwa nayo. Mutu, hawakusema mutoto.

Munganga Leo Kanner aliandika juu ya otizimu kule Marekani mu 1943, na Hans Asperger kule Vienne mu 1944. Leo waganga wanatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni shida ya kuwasiliana na kuishi na wengine: kutofahamu mzaha, kutojua wakati gani wa kuongea na wakati gani wa kunyamaza. Cha pili ni kushikilia mambo yaleyale: njia ileile, chakula kilekile, somo moja tu ambalo mutu analijua mpaka mwisho. Humo mnaingia pia masikio na ngozi: makelele, harufu, nguo yenye kukwaruza. Mwenye samaki yake haipashwe kugusa bukari anaweza kuwa mutu wa kuchagua-chagua tu. Ishara moja haitoshi. Zinapashwa kuwa nyingi, ziwe zimeanza utotoni, na ziwe zinamusumbua mutu mu maisha yake.

Basi kama zilianza utotoni, kwa nini familia inaziona leo tu? Tufikiri masomo ya sekondari namna yako. Kengele inalia saa ileile. Uniforme ni moja, banc ni moja, kila somo na saa yake. Kwa kijana wa namna hii, ile ni nyumba yenye nguzo. Halafu anafika ku universite: auditoire ya watu mamia, ratiba inabadilishwa asubuhi, syllabus inatafutwa kwa kujuana. Na mwenye haendi universite anaingia mu maisha ya kujitafuta, kule mutu anakula kwa mdomo wake: kubishana bei, kumuchekea chef, kujua nani wa kusalimia kwanza. Kitabu cha waganga cha Marekani, DSM-5 cha mwaka 2013, kinaandika wazi kwamba ishara zinaweza kutoonekana sawasawa mpaka pale maisha yanapomudai mutu kuliko nguvu yake. Kwetu, pale ni miaka 18 mpaka 25.

Na pale ndipo majina mabaya yanaanza. Jina la kwanza ni kiburi, sababu hasalimii. La pili ni bulozi, na hili ni la hatari. Mutu mwenye hakanyagi ku kilio, wala kukaa na wengine usiku wa matanga, anajiweka mwenyewe mu mashaka. Kumbe kilio kina kila kitu chenye kumushinda: watu wengi, kulia, nyimbo, mikono ya kushika. Katiba yetu, article 41, inakataza kumushitaki mutoto kwa bulozi. Lakini mutoto, kufuatana na article hiyohiyo, ni mwenye hajatimiza miaka 18. Kijana wetu wa miaka 22 hahesabiwi humo. Anapelekwa mu chumba cha maombi, anafungishwa siku tatu, siku saba. Hatusemi kuomba ni vibaya. Tunasema njaa haiondoi otizimu.

Jina la tatu ni wazimu, na hili linaweza kutoka hata ku hospitali. Ugonjwa wenye Wafaransa wanaita schizophrénie unaanzaka mara nyingi katika miaka hiyohiyo ya ujana. Kijana anafika, anajibu kwa namna ya pekee, hana rafiki, uso haubadiliki. Munganga mwenye watu makumi wanamungoja mu kuloari anaweza kukosea. Si Congo tu. Josef Schovanec, mwandishi wa Ufaransa aliyezaliwa mu 1981, amemaliza Sciences Po ya Paris na kupata udaktari wa filozofi. Kabla ya kuambiwa ni otizimu, waganga walimuhesabu kuwa mugonjwa wa schizophrénie na kumunywesha kwa miaka dawa kali zenye kumulaza. Ameyasimulia mu kitabu chake cha 2012, Je suis à l'Est ! Kama Paris waliweza kukosea hivyo kwa mutu mwenye diplome zote zile, huku kwetu tuwe na uangalifu mara mbili.

Namna ya kutenganisha hayo mawili inaanza na swali moja: tangu lini? Kijana aliyekuwa anacheza na wenzake vizuri, kisha kwa miaka 20 akabadilika na kuanza kusikia sauti, ile ni njia ingine. Mwenye alikuwa hivi tangu akiwa na miaka mitatu, ile ni ingine tena. Ndiyo maana tunasisitiza jambo hili kuliko yote: hakuna damu ya kupima yenye kuonyesha otizimu, hakuna scanner, hakuna radio. Munganga anaweza kuomba vipimo, kwa mufano vya masikio ao vya kifafa, ao kuuliza kama mutoto aliwahi kupata malaria ya kupanda ku kichwa, lakini ni kwa kuondoa magonjwa mengine. Otizimu yenyewe inatafutwa kwa kumutazama mutu na kwa kukumbuka utoto wake.

Na ukumbusho ule uko wapi? Uko kwa mama, kwa shangazi, kwa dada mukubwa aliyemubeba mugongoni. Alianza kusema wakati gani? Alikuwa ananyoosha kidole kuonyesha kitu? Alicheza na gari ya waya ao alizungusha tu magurudumu yake? Akiitwa kwa jina, aligeuka? Kwetu Kivu na Katanga swali hili linauma, sababu familia zimetawanyika na mikanda imepotea. Kijana wa Goma mwenye alikuwa mutoto mudogo wakati Nyiragongo inateremka mu mji, Januari 2002, anaweza kukosa hata picha moja. Kwa hiyo anza na wazee wenye wako hai. Nunua kaye, kaa na mama jioni moja ao mbili, andika. Bulletin za masomo ya primaire, kama zipo, zibebwe pia: mara nyingine mwalimu aliandika pembeni neno ambalo leo lina maana.

Kuna jambo la macho. Vitabu vya kizungu vinasema mwenye otizimu hatazami watu machoni. Sasa kwetu, mutoto mwenye adabu anainamisha macho mbele ya mukubwa! Ishara hii peke yake haina uzito huku, na munganga mwenye kujua kazi anauliza zaidi kama kijana anatazama wenzake wa rika moja. Ndivyo pia kwa maswali ya intaneti. Yanayojulikana zaidi yalitengenezwa Cambridge, Uingereza, mu 2001, maswali 50, na moja linauliza kama unapenda teatri kuliko muze. Lubumbashi muze tuko nayo, lakini ni wangapi kati yetu wanasumbuka na uchaguzi huo siku ya Posho? Jaza ukitaka, yanaweza kukusaidia kupata maneno ya kusema. Hayatoi jibu la munganga.

Wasichana wanachelewa zaidi kujulikana. Binti anafundishwa mapema kutabasamu, kupokea wageni, kuiga shangazi zake, na kwa kuiga anajificha mpaka anachoka. Wenye kupenda BD watafute La différence invisible, ya 2016: ni maisha ya Julie Dachez, Mufaransa aliyepata jibu lake akiwa na miaka 27.

Sasa, wapi? Mu Lubumbashi kuna Centre neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain. Bukavu kuna SOSAME. Goma kuna Tulizo Letu. Zote tatu ni kazi ya Ma-Frères de la Charité. Kinshasa kuna CNPP ya universite. Kwenda huko si haya, hata kama watu wa kartie watasema. Kabla ya kulipa fishi, uliza kama kuna munganga ao psychologue mwenye kuwa na mazoea ya otizimu kwa watu wakubwa, na uliza bei ya kazi nzima, maana siku moja haitoshi. Sema neno lenyewe: «Tunafikiri otizimu, tunaomba muangalie.» Wengine wanaogopa kumufundisha munganga kazi yake. Si kumufundisha, ni kumupa njia. Na kijana ajibu mwenyewe. Kama kusema kunamushinda, aandike.

Kama tayari anakunywa dawa, asiziache kwa ghafula sababu amesoma gazeti. Aende kwa mwenye alimuandikia, amuombe kuangalia tena. Dawa ya kuondoa otizimu haiko. Zenye ziko ni za kusaidia usingizi, wasiwasi, kifafa, kama vipo.

Jibu likipatikana, omba liandikwe: jina la munganga, tarehe, kashe ya hospitali. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuko na sheria namba 22/003 ya kulinda haki za watu wenye kuishi na ulemavu, na mukanda ule ndio wenye kijana ataweka mbele ya faculté kuomba kukaa mbele mu auditoire ao kufanya mutihani kwa maandishi pahali pa mdomo. Aende na mutu wa familia siku ya kwanza, na aache ku bureau fotokopi, si original.