Kiti cha mtoto garini: Upande anaotazama una uzito kuliko bei

Mama anayetoka hospitalini na mtoto mchanga aghalabu huketi kiti cha mbele, akamkumbatia mwanawe kifuani. Ni picha ya mapenzi, lakini ni miongoni mwa njia hatari mno za kusafiri na mtoto. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Hakuna mikono iwezayo kumzuia. Wazazi wanaomfunga mtoto ndani ya mkanda wao hufanya baya zaidi, kwani uzito wa mzazi humponda mtoto kwenye mkanda huo huo.

Kiti cha mtoto mchanga hutazama nyuma ya gari. Kichwa chake ni takriban robo ya urefu wa mwili wake, ilhali shingo bado ni laini. Gari likigonga kwa mbele, kiti hicho hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Anayetazama mbele huzuiwa kiwiliwili na mikanda huku kichwa kikirushwa. Kanuni nambari 129 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka wa 2013, hairuhusu mtoto kutazamishwa mbele kabla ya miezi 15, na wataalamu hushauri asubiri zaidi mradi kiti kinamtosha. Miguu kukunjika si hoja. Hata kitandani mtoto huikunja.

Mahali pa kiti hicho ni nyuma ya dereva au abiria wa mbele. Kamwe kisitazamishwe nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa maana ukifumka hukigonga pale pale kilipo kichwa cha mtoto.

Mikanda ya mabegani ikazwe hadi vidole vishindwe kuikunja. Sweta nzito za asubuhi ya Limuru zivuliwe kwanza, kisha mtoto afunikwe blanketi juu ya mikanda.

Aliyekua bado huhitaji kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite begani na nyongani, wala si shingoni na tumboni.

Anayenunua kiti cha mtumba atafute lebo yenye nambari R44 au R129. Asipoweza kuhakikishiwa kwamba hakijawahi kuwa katika ajali, akiache: nyufa hujificha chini ya kitambaa.