Neno la Mwalimu kwenye Mchoro wa Mtoto

Mtoto wa miaka 4 au 5 akipata penseli huchora bila kusita. Kichwa kitazidi nyumba kwa ukubwa, miguu itaota shingoni, naye haoni kasoro. Mambo hubadilika akikaribia miaka 9. Huanza kumlinganisha ng'ombe wake na ng'ombe wa kweli, na daftari lake na la jirani yake wa dawati. Hufuta kwa raba mpaka karatasi inatoboka, kisha hufunika kazi yake kwa mkono: "Mimi sijui kuchora." Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alikieleza kipindi hiki kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1947. Wengi huacha kuchora katika umri huo wasirudie tena maishani. Kwenye insha hali hufanana: mtoto hung'ang'ania sentensi anazojua hazitapigwa kosa.

Ndipo neno la mwalimu linapokuwa na uzito mkubwa. Nyumbani mtoto amezoea kupendwa; mwalimu ndiye mwenye kalamu nyekundu, na akisema kazi ina kitu ndani yake, mtoto huamini.

Hata hivyo, si kila sifa hujenga. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Marekani kwa watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora, la pili likapewa cheti hicho bila kutarajia, la tatu halikupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu za rangi ziliwekwa darasani, kila mtoto acheze apendavyo. Walioahidiwa cheti walitumia kuchora takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Kitu walichokifanya kwa mapenzi kilikuwa kimegeuka kazi ya malipo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa mafumbo ya kufikiri: watoto waliosifiwa kwamba wana akili walilegea baada ya kukutana na maswali magumu, ilhali waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Mtoto anayeitwa hodari huogopa kulipoteza jina hilo.

Kinachomjenga mtoto ni kutazamwa kwa kazi yenyewe. Mwalimu akipita kati ya madawati anaweza kuuliza, "Mbona mbuzi huyu amegeuza shingo?" Mtoto akajibu, "Anamwita mwanawe." Mara nyingi mtoto huyo ataichukua tena penseli amwongeze mwana-mbuzi pembeni. Swali lile limempa heshima ya kuchukuliwa kama mtu aliyekusudia alichokichora, na kutoka hapo hujiona ana la kusema. Halichukui hata dakika moja, kwa hiyo linawezekana hata kwenye darasa la watoto 80. Zoezi la kunakili nyumba iliyochorwa ubaoni haliwezi kumpa hilo, kwa sababu hapo aliyeamua kila kitu ni mwalimu.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa kumwacha mwanafunzi achore alichokusudia mwenyewe, ingawa wanafunzi wa mfano huo hawakuwa watoto wadogo. Mwaka 1937 Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Kampala, kwanza barazani kwake, na kazi hiyo ikawa shule ya sanaa ya Makerere. Aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha kila mmoja alichora alichokiona akilini mwake: soko, harusi, mavuno ya kwao. Wapo waliomlaumu kwa kuwanyima mafunzo ya sanaa ya mataifa mengine, na lawama hiyo ina haki yake, maana mtoto aliyetiwa moyo bado anahitaji kufundishwa ufundi. Cecil Todd, aliyeishika shule hiyo baada ya Trowell kuondoka mwaka 1958, aliyapa nafasi mafunzo hayo ya sanaa ya mataifa mengine. Lakini waliopita mikononi mwa Trowell waliamini kwamba vijiji vyao vinastahili kuchorwa. Mmoja wao, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alianzisha Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965. Sam Ntiro wa Machame alisoma pia London, ila aliendelea kuchora migomba na watu wa Kilimanjaro kwa namna yake mwenyewe. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.