Helikopta Isiyofika Goma

Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 iliondoka Nairobi ikaenda New York bila kutua popote njiani. Ni safari ya kilomita 11,800 hivi. Kwenda huchukua takriban saa 15, kurudi hupungua, na wakati wa baridi kule kaskazini tofauti hiyo huonekana zaidi. Ndege ni ileile, injini ni zilezile, na Atlantiki haijapungua upana.

Ukiwauliza abiria sababu, wengi watakujibu upesi: dunia inazunguka. Basi tulifuate jibu hilo tuone litatufikisha wapi. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na karibu na ikweta ardhi inakimbia kilomita 1,670 kwa saa. Ingekuwa ardhi inapita chini ya ndege, New York ingekuwa inatujia, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Isitoshe, helikopta ingeinuka tu pale Nairobi, ikatulia angani nusu saa, kisha ikashuka Goma bila kwenda popote. Hakuna aliyewahi kufika Goma kwa njia hiyo. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na chochote kilichomo hewani kinabebwa nayo. Ukirusha chungwa ndani ya matatu inayokimbia, litarudi mkononi mwako, halitampiga aliyekaa kiti cha nyuma.

Jibu liko kilomita tisa hadi kumi na mbili juu, katika mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki. Mtu wa kwanza kuupima upepo huo kwa utaratibu alikuwa Mjapani, Wasaburo Ooishi, mkuu wa kituo cha kuchunguza anga cha Tateno, si mbali na Tokyo. Kazi yake ilikuwa kuachia maputo madogo na kuyafuata kwa darubini ya kupimia pembe mpaka yapotee machoni. Tarehe 2 Desemba 1924 puto moja lilipofika kilomita tisa juu lilikuwa linasukumwa mita 72 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 260 kwa saa. Huku chini, upepo wa kasi hiyo huezua mapaa ya mji mzima.

Ooishi aliyachapisha matokeo yake mwaka 1926, tena kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili mataifa yote yaelewane. Nje ya Japani karibu hakuna aliyeyasoma. Watu hupenda kumcheka kwa uamuzi huo. Mimi naona hata angeandika Kiingereza asingesikilizwa mapema sana, kwa kuwa ndege za wakati ule ziliruka chini mno na hazikuwa na shida na upepo wa huko juu.

Shida ilikuja na vita. Novemba 1944 Wamarekani walianza kuishambulia Tokyo kwa ndege za B-29 zilizotoka visiwa vya Mariana. Marubani walikuta upepo mkali kiasi kwamba mabomu yaliangukia mbali na shabaha. Mwezi huohuo Wajapani walianza kuutumia upepo uleule kwa upande wao: waliachia maputo yapatayo elfu tisa yenye mabomu, yavushwe bahari ya Pasifiki hadi Marekani. Mengi hayakudhuru mtu. Moja, tarehe 5 Mei 1945, liliwaua mwanamke mjamzito na watoto watano katika msitu wa Oregon.

Upepo huo unatoka wapi? Hapa wale abiria wetu wanastahili kurudishiwa heshima kidogo. Jua huchoma zaidi maeneo ya ikweta, hewa moto inapanda, kisha huko juu inasambaa kuelekea kaskazini na kusini. Inaondoka na mwendo wa ikweta. Lakini ikifika Kairo au karibu na hapo, ardhi ya chini inakwenda kilomita 1,450 tu kwa saa, kwa sababu duara la dunia pale ni dogo. Hewa inaitangulia ardhi, na kwetu tulio chini huo ni upepo wa kutoka magharibi. Mkondo mwingine uko kaskazini zaidi, mahali hewa ya baridi ya ncha inapokutana na ya joto, na tofauti hiyo ikizidi, kama wakati wa baridi, mkondo nao hupata nguvu.

Juu ya Kenya mikondo hii haipo. Ndege inaikuta huko mbele, Sahara na Atlantiki. Wapangaji wa safari huchora njia upya kila siku: wakienda magharibi wanaikwepa, wakirudi wanaitafuta. Februari 2020, wakati wa dhoruba ya Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56.

Ila hewa ina deni jingine, na hilo Nairobi inalilipa kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo mabawa yanapata cha kushika kidogo, na injini nazo zinavuta hewa haba. Ndege yenye mafuta ya saa 15 tayari ni nzito mno, kwa hiyo kinachoweza kupunguzwa ni mizigo au abiria. Kuondoka usiku kunasaidia, maana hewa ikipoa huwa nzito.

Addis Ababa, mita 2,334, mambo ni magumu zaidi. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian ziendazo Washington zimekuwa zikitua njiani, Roma, Dublin au Lomé, kujaza mafuta. Zikirudi huja moja kwa moja: uwanja wa Washington hauko juu hata mita mia moja, na upepo unazisukuma kutoka nyuma.