Mji Niupendao na Mji Nisioupenda Safarini

Mtu akirudi safarini, swali analoulizwa kwanza bwenini ni hili: "Mji gani ulikupendeza, na mji gani hukuupenda?" Majibu huwa mengi na mabishano huwa makali, maana kila mtu hutaja majumba marefu aliyoyaona. Lakini majumba marefu hayamfai kitu mgeni asiye na mwenyeji. Nataka kueleza kwa nini mji mmoja humpokea msafiri vizuri na mwingine humchosha, nami naamini ya kuwa mara nyingi sababu yake ni ya tangu zamani. Hatuna budi kuuliza: mji huu ulijengwa kwa ajili ya nani?

Mimi si msafiri mkubwa. Nairobi nimefika mara tatu, Mombasa mara mbili, Kigali mara moja, na Kampala sisi wa Uganda twaijua sote. Basi nitasema juu ya miji hiyo minne tu, nami nitaipima kwa mambo matatu. Kwanza, je, mtu aweza kuutembea mji kwa miguu? Pili, akipotea, je, aweza kuuliza njia na kujibiwa? Tatu, je, aweza kujua nauli kabla ya kupanda gari?

Mji nisioupenda kuutembelea ni Nairobi. Wazee wetu mnaofanya kazi huko, msinikasirikie kabla ya kusikia sababu zangu. Mabasi mengi ya kutoka Kampala humfikisha abiria karibu na River Road, mara nyingi kabla ya mapambazuko. Hapo mgeni huzungukwa na watu wasiomjua, kila mmoja akiuvuta mzigo wake. Mara yangu ya kwanza kijana mmoja alilichukua begi langu bila kuombwa, akalibeba hatua hamsini hivi, kisha akadai malipo. Nauli nazo hazitulii. Matatu ileile, kwa njia ileile, hutoza bei moja saa nne asubuhi, na bei nyingine saa kumi na moja jioni. Na mvua ikinyesha, bei hupanda tena. Wenyeji wamekwisha kuzoea, lakini mgeni mwenye fedha za kuhesabu hupata taabu.

Je, hayo ni makosa ya watu wa Nairobi? Hata kidogo. Tutazame historia. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kuja ziwa kuu letu. Reli ilipofika mwaka 1899 mahali penye majimaji, ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe, wakuu wa reli waliweka hapo kambi na karakana zao kabla ya kupanda milima. Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Reli ikaendelea hata Kisumu, ikafika mwaka 1901, na kambi ile ikageuka mji. Basi Nairobi ulizaliwa kuwa ghala na kituo cha kupitisha mizigo.

Kisha serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa magharibi wenye miti na baridi nzuri. Waafrika waliwekwa mashariki, katika sehemu kama Pumwani, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpitaji tu, aliyekuja kufanya kazi na kurudi kwao, naye alitakiwa kuchukua kipande. Mji uliopangwa hivyo huwa na masafa marefu baina ya makao na kazi. Mwenye motakaa hakujali, lakini mwenye kwenda kwa miguu hakufikiriwa. Ukoloni umekwisha, lakini barabara haziondoki upesi kama bendera. Hata barabara kuu mpya ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilometa 27 kutoka Mlolongo hata Westlands, ni ya magari yanayolipa ushuru. Mtembea kwa miguu hupita chini yake.

Sasa tushuke pwani kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Mombasa ndio mji niupendao, ingawa kuingia kwake si kwema sana, kwa sababu gari la moshi huwashusha abiria Miritini, nje ya kisiwa, na joto lake humtoa mtu wa milimani jasho hata akiwa amekaa. Lakini mtu akiingia Mji wa Kale huona tofauti mara moja. Njia ni nyembamba, nyumba za pande mbili huleta kivuli, na motakaa hazipati nafasi ya kwenda mbio. Mahali hapo palijengwa na watu waliokwenda kwa miguu, kwa ajili ya watu waendao kwa miguu.

Tena, mbele ya nyumba nyingi pana baraza, na watu hukaa hapo wakizungumza. Basi mgeni aliyepotea hana haja ya kumsimamisha mtu mwenye haraka. Husalimu wazee waliokaa barazani, huitikiwa, huulizwa atokako, na huonyeshwa njia. Kiswahili chetu cha bara huwachekesha kidogo, lakini hawakidharau. Asubuhi hupata mahamri na mbaazi, na jioni kahawa chungu kutoka katika dele, kwa bei isiyomtisha mwanafunzi. Hata kivuko cha Likoni hakimtozi nauli mtu aendaye kwa miguu. Magari ndiyo hulipa.

Msidhani ya kuwa Mombasa haukupata mateso. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waarabu wa Omani tangu mwaka 1696, ikatekwa mwaka 1698, baada ya njaa na maradhi kuua watu wengi ndani yake. Lakini katika vita na katika amani, mji uliishi kwa majahazi. Mabaharia walikuja kwa pepo za kaskazi, wakangoja miezi kadhaa hata kusi ivume, ndipo wakarudi kwao. Mgeni wa miezi si mpita njia. Hula, hununua, hukopa, hata huoa. Mji wa namna hiyo hujifunza kumtendea mgeni vizuri, maana atakuja tena mwakani. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nao walijua walilosema.

Huenda mtu akasema, "Basi miji mipya haina matumaini." Kigali inamjibu. Kigali ni changa kuliko hata Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, ikawa mji mkuu Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962. Tukitoka Uganda na kuvuka mpaka pale Gatuna, magari huhamia upande wa kulia wa barabara, na saa hurudishwa nyuma saa moja. Mjini mwenye pikipiki huchukua abiria mmoja tu, naye humpa kofia ya kukinga kichwa. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu mwaka 2008. Mgeni akienda Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walipozikwa watu zaidi ya 250,000, ataelewa ya kuwa usafi na utaratibu wa mji ule haukuletwa na bahati. Watu waliamua. Upungufu wake kwangu ulikuwa katika kuuliza njia, kwa kuwa sijui Kinyarwanda. Lakini huko Nyamirambo nilikisikia Kiswahili kingi, nikapata msaada.

Na Kampala yetu je? Tujipime kwa mizani ileile, tusiwacheke majirani tu. Kuuliza njia ni rahisi, kwa kuwa watu wetu ni wapole, na makondakta hutangaza safari zao kwa sauti kubwa. Lakini nauli ya bodaboda kwa mgeni hutegemea uso wake na matamshi yake, na kuvuka barabara pale katikati ya mji kwahitaji moyo mkuu. Mkenya akiandika makala kama haya katika gazeti la shule yake, huenda Kampala ikawa mji asioupenda.

Jambo hili si la mzaha kwetu tulio katika kidato cha mwisho. Baada ya mtihani wengi wetu tutakwenda Kampala au Nairobi kutafuta vyuo na kazi, si Mji wa Kale wa Mombasa. Mji wa kutembelea na mji wa kukaa ni mambo mawili mbalimbali. Nairobi isiyompendeza mgeni ndiyo yenye vyuo vikuu vingi, maktaba na viwanda, na mtu akikaa mwaka mmoja, huambiwa ni mwenyeji. Ugumu ni wa siku zile za kwanza tu, na siku hizo ndizo kijana hupoteza fedha zake, au hufuata rafiki asiyefaa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliotutangulia, mkaao katika miji hiyo. Mwanafunzi wa shule hii akiwaandikieni ya kuwa anakuja, msimjibu "karibu" tu. Mwambieni ashuke kituo gani, apande gari lipi, nauli yake ni kiasi gani asubuhi na jioni, na amwulize nani akipotea. Ikiwezekana, mmoja wenu amngojee pale basi linaposimama. Kubadili barabara za mji ni kazi ya serikali na ya miaka mingi. Kumngojea kijana mmoja kituoni ni kazi ya saa moja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita