Kikundi Kikitaka Kwenda Kuona Bahari



Wengi wetu hapa Kitale na Bungoma tunajua mahindi, miwa na ng'ombe. Bahari tunaisikia tu. Kikundi kikiweka akiba ya safari ya mafunzo, lazima mtu aseme, "Twende Mombasa!" Sawa, lakini sisi tunasema mvuke feri ya Likoni mwende mpaka Gazi, kijiji kidogo cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Hapo ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896.

Msitarajie ufuo wa hoteli kama Diani. Huu ni ufuo wa kazi: mitumbwi, nyavu, na mama karanga wanaongoja samaki wakaange na kuuza. Saa yao ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ulizeni mapema maji yatakupwa saa ngapi, la sivyo mtafika mkute wavuvi wote wako baharini.

Kubwa la kuona ni mikoko, miti inayomea kwenye matope ya maji ya chumvi. Samaki wadogo na kaa hujificha mizizini mwake. Miaka ya 1970 ilikatwa sana iwe kuni za viwanda. Miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wakaanza kuipanda upya. Tangu 2013 Gazi na jirani zao wa Makongeni wanalinda hekta 117 kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja. Miti hunyonya hewa ya kaboni na kuifungia shinani na matopeni. Kaboni hiyo hupimwa, hukaguliwa, kisha wanunuzi wa ng'ambo hulipa ili ibaki pale pale. Wakikata miti, hawana cha kuuza. Pesa zimeleta maji safi na vitabu vya shule, na wanakijiji ndio huamua mkutanoni zifanye nini.

Hapo sasa ulizeni sana! Kamati huchaguliwaje? Nani hutia sahihi benki? Wakikosana, nani huwapatanisha? Sisi wa chini ya Mlima Elgon tuna vikundi vya msitu pia, na tunajua pesa ikiingia huleta maneno.

Akina mama wa Gazi wana njia ya mbao ipitayo ndani ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, na mkiagiza mapema watawapikia wali na samaki.

Wageni wanawake wabebe leso. Kupiga picha, ombeni kwanza. Ijumaa adhuhuri msipange mkutano, watu wako msikitini. Na mwandishi wa kikundi aandike kila kitu, maana waliobaki nyumbani kukama ng'ombe nao walichanga.