Mama yake Musa aliahidiwa; sisi tumeahidiwa nini?

Siku moja baada ya Swala ya Alasiri alikuja ofisini kwetu mama mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima, ambaye hakosi darsa ya akina mama wala hapitwi na hitima ya jirani. Mwanawe wa pili aliondoka kwenda kufanya kazi ya ubaharia katika meli ya mizigo. Tangu simu yake ya mwisho, aliyoipiga kutoka bandari ya mbali, ilikuwa imetimia miezi 14 bila ya salamu wala habari.

Sisi wa kamati tulikuwa tumekwisha kumwombea dua mara nyingi baada ya Swala ya Ijumaa, na kila tulipokutana naye tulimpa neno lile lile lililotuzoea midomoni: "Usihuzunike mama, Mwenyezi Mungu ameahidi, atamrudisha." Siku hiyo alikaa kitini, akafungua pindo la kanga yake alimofunga simu ndogo asiyoiacha ikaisha chaji usiku wala mchana, akaiweka mezani. Kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: "Katibu mwanangu, ninyi mmesoma vyuoni. Nionyesheni ni aya gani Mola wangu aliyoniahidi kuwa atanirudishia mwanangu. Nataka niisome mwenyewe."

Hatukuwa na jibu, kwa sababu aya hiyo haipo.

Tumeona tuyaandike haya katika ukurasa wa familia kwa kuwa kosa lile tulilolifanya sisi linafanyika katika nyumba nyingi. Kwa nia njema kabisa tunamtolea Mwenyezi Mungu ahadi ambayo Yeye hakuitoa. Siku inapokosa kutimia, mwenye huzuni hudhani kuwa Mola wake ndiye aliyekhalifu, ilhali aliyesema ni sisi.

Mama aliyeambiwa asiogope

Katika Suratul-Qasas, Mwenyezi Mungu (S.W) anatusimulia habari za mama yake Nabii Musa (A.S), aliyejifungua katika zama ambazo Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israili. Aya ya 7 inaeleza kwamba alipewa ilhamu amnyonyeshe mwanawe, na atakapomhofia amtie mtoni, wala asiogope wala asihuzunike. Hapo akapewa ahadi mbili kwa pamoja: kwamba mtoto atarudishwa kwake, na kwamba atafanywa miongoni mwa Mitume.

Natuizingatie hali ya mama huyu. Alikuwa na ahadi mkononi, lakini alipomwachia mtoto wake hakuona ila maji. Qur'ani haituficha yaliyompata. Aya ya 10 inatueleza kuwa moyo wake uligeuka mtupu, hata akakaribia kuitoa siri yake, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo huo. Basi hofu yake haikuhesabiwa kuwa ni kukosa imani, bali alishikwa mkono ndani ya hofu hiyo.

Na katika aya ya 11 tunamwona akimtuma dada yake Musa afuate nyayo za mtoto. Binti akamtazama kwa mbali, na watu wa Firauni hawakutambua. Musa akakataa kunyonya kwa kila mnyonyeshaji, dada yake akajitokeza kuwaonyesha watu wa nyumba watakaomlea, na aya ya 13 inatueleza kwamba mtoto alirudishwa kwa mama yake ili jicho lake litulie, asihuzunike, na ajue kuwa ahadi ya Mwenyezi Mungu ni ya kweli.

Kisa hiki ndicho tulichokuwa tukikitaja kila tulipomfariji mama yule. Lakini kuna jambo tulikuwa tukilipita kwa haraka. Ahadi ya kurudishiwa mtoto ilimhusu mama yake Musa na mwanawe, naye aliipata kwa ilhamu itokayo kwa Mola wake. Kumwambia mama wa leo kwamba Mwenyezi Mungu amemwahidi jambo lile lile ni kumsemea Mwenyezi Mungu tusilolijua, na hilo ni katika mambo yaliyoharamishwa waziwazi (7:33).

Yale tuliyoahidiwa kweli

Je, maana yake ni kwamba tumeachwa mikono mitupu? Hasha. Tumeahidiwa mengi, na yote yamethibiti. Tumeahidiwa kuwa Mwenyezi Mungu yuko karibu, na kwamba humwitikia mwombaji anapomwomba (2:186). Tumeahidiwa kuwa nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:286). Tumeahidiwa kuwa pamoja na uzito upo wepesi, na jambo hilo likakaririwa mara mbili mfululizo (94:5-6). Tumeahidiwa kuwa mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu, Yeye humtosha (65:3), na kwamba wenye kusubiri watalipwa ujira wao bila ya hesabu (39:10).

Ama kuhusu dua, imepokewa na Abu Said al-Khudri (R.A), katika Musnad ya Imam Ahmad, kwamba Mtume (S.A.W) alifundisha kuwa Muislamu anapoomba dua isiyo na dhambi wala ya kukata udugu, hupewa moja katika matatu: huharakishiwa alichokiomba, au huwekewa akiba ya Akhera, au huepushiwa shari iliyo mfano wake. Tukiyatazama matatu hayo tutakuta kwamba ni moja tu linaloonekana kwa macho ya duniani. Akiba ya Akhera hatuioni leo, na shari iliyoepushwa hatuijui kabisa, kwa kuwa haikutufika. Basi mtu anayepima majibu ya Mwenyezi Mungu kwa anachokiona amekwisha kuyatupa mawili katika matatu. Ndiyo maana sifa ya mwanzo ya wachamungu iliyotajwa katika Suratul-Baqara ni kwamba wanaamini ghaibu (2:3).

Na yu wapi mwenye kuahidi, na mapenzi yake kwetu yakoje? Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) kisa cha mwanamke mmoja miongoni mwa mateka aliyekuwa akihangaika, kila alipomkuta mtoto alimkumbatia na kumnyonyesha. Mtume (S.A.W) akawauliza Maswahaba kama mwanamke yule angeweza kumtupa mwanawe motoni. Wakajibu kuwa hawezi katu, maadamu ana uwezo wa kutomtupa. Akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ana huruma zaidi kwa waja wake kuliko mama yule kwa mwanawe. Mama anayemsubiri mtoto wake, basi, naajue kwamba huruma inayomkosesha usingizi ni tone tu la ile ya Aliyemuumba yeye na mtoto wake.

Kimya si kuachwa

Pengine msomaji atasema: "Mbona basi niombapo sisikii kitu?" Swali hili linatupeleka katika Suratu-Dhuha. Imepokewa na Jundub bin Abdillah (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) aliugua, akawa hasimami kwa ibada ya usiku kwa siku mbili au tatu. Akaja mwanamke mmoja kumkejeli kwamba bila shaka huyo anayemjia amemwacha. Hapo ndipo iliposhuka sura hiyo. Mwenyezi Mungu akaapa kwa mwanga wa dhuha na kwa usiku unapotanda, kisha akamhakikishia Mtume wake kuwa hakumwacha wala hakumchukia.

Kama kiumbe bora alipitiwa na siku za kimya hata maadui wakacheka, itakuwaje sisi tudhani kwamba kimya ni dalili ya kusahauliwa? Dhuha na usiku ni vyake vyote viwili, na jua halipotei kwa kuwa halionekani.

Tena tuangalie namna sura hiyo inavyomtuliza mwenye huzuni. Inamkumbusha yaliyopita: alikuwa yatima akapewa makazi, alikuwa hajui akaongozwa, alikuwa mhitaji akatoshelezwa. Dalili ya kesho imechukuliwa katika jana. Nasi kila mmoja, akikaa na nafsi yake, ana jana yake: ugonjwa uliopona, deni lililolipika, mlango uliofunguka mahali asipopatarajia. Aliyekuwa mwema kwetu siku hizo ndiye huyu huyu wa leo.

Kisha sura inamalizia kwa maagizo: yatima asionewe, muombaji asikaripiwe, na neema ya Mola itajwe. Hapa sisi wa kamati tulijiona. Tulikuwa hodari wa kumsomea mama yule aya, lakini wajukuu zake wawili walikuwa wamekosa ada ya madrasa kwa mihula miwili, na hakuna miongoni mwetu aliyeuliza.

Machozi na miguu

Kuna wanaodhani kuwa tawakkul ni kukaa kimya na kukausha macho. Nabii Yaaqub (A.S) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (12:84). Wanawe wakamlaumu kwamba haachi kumkumbuka. Akawajibu kuwa masikitiko yake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake (12:86). Na papo hapo, katika aya inayofuata, akawatuma waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mzee huyu alilia, akaomba, akatuma watu. Mambo hayo matatu yalikaa katika moyo mmoja wenye imani kamili.

Nasi tukalifuata hilo, ingawa tulichelewa. Tulikusanya nakala ya pasi ya kijana yule, jina la meli na tarehe ya simu yake ya mwisho. Tukaandika barua kwa wakala aliyemwajiri na kwa wizara inayosimamia mambo ya nje. Tukamshauri mkwewe, yaani mke wa kijana, alifikishe suala lake kwa Kadhi, kwa kuwa fiqhi ya Kiislamu ina mlango maalumu wa mtu aliyepotea, nao wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu muda wa kusubiri. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A) aliweka miaka minne, kisha eda. Mke anayeuliza haki yake mbele ya Kadhi hajakata tamaa na Mola wake, wala mama mkwe asimwone kama aliyemzika mwanawe akiwa hai. Sheria ni katika rehema za Mwenyezi Mungu kwa wanaosubiri.

Mbele ya watoto wetu

Wazazi tuna jukumu la pekee katika jambo hili. Mtoto anayeambiwa, "Omba tu, baba atakuja kabla ya Idi," akaomba kwa moyo safi, na Idi ikaja bila ya baba, amefundishwa somo baya kuhusu Mola wake. Ni bora aambiwe ukweli kwa upole: kwamba hatujui baba yuko wapi, lakini Mwenyezi Mungu anajua, kwamba tunamwomba amlinde, kwamba kila dua yako imesikika na hakuna iliyopotea, na kwamba hapa nyumbani hatutakuacha peke yako. Maneno haya mtoto akikua nayo hayatamsuta.

Vilevile tunaokwenda kufariji tupunguze kusema. Tumshike mwenye huzuni mkono, tuulize ndani pana nini, tusome naye, turudi tena wiki ijayo. Mara nyingi wepesi ulioahidiwa humfikia mja kwa mikono ya jirani yake, na ole wake jirani aliyekunja mikono.

Wiki iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa mama yule, sisi wa kamati pamoja na ustadhati wa darsa. Tulimwomba radhi kwa neno tulilokuwa tukimwambia. Tukampelekea karatasi tuliyoandika kwa hati kubwa namba za aya zote tulizozitaja hapa, naye akavaa miwani yake, akafungua msahafu na kuzisoma moja baada ya moja, simu yake ikiwa kando. Alipofika Suratul-Qasas alirudia aya ya 7, kisha akanyanyua macho.

"Hapa pana ahadi mbili," alisema. "Ya mtoto kurudi, naye alirudi akiwa bado ananyonya. Hii ya pili, ya utume, mama yake aliiona?"

Tulimjibu tunachokijua: kwamba Musa (A.S) alikulia katika nyumba ya Firauni, kisha akakimbilia Madyan, akachunga huko kwa miaka, na utume alipewa akiwa mtu mzima anarudi na ahali zake. Ahadi ilitimia kama ilivyosemwa. Lakini Qur'ani haikutueleza kama mama yake aliishi mpaka akaiona siku hiyo.

Mama yule alinyamaza kitambo, akaufunika msahafu na kuubusu. "Basi hata yeye aliachiwa moja ya kungoja," alisema. Akaifunga simu yake katika pindo la kanga, akainuka kutuandalia chai.

Mpaka tunapoandika haya, kijana hajapatikana, na barua zetu bado tunazifuatilia. Ada ya wajukuu imelipwa. Kila Alhamisi baada ya Alasiri akina mama hukutana nyumbani kwake kusoma, na mlango wake huwa wazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarejeshe waliopotea kwa watu wao wakiwa salama, azitulize nyoyo za wanaongoja, na atujaalie kuziamini ahadi zake kama alivyoziahidi Yeye. Wabillahi tawfiq.